Hita ya Baba Kabula

Ipo siku moja ambayo haijawahi kuniacha, mwanangu, na jana umeiamsha tena.

Ulinitumia video kwenye simu. Niliiona dashibodi ya gari lako la zamani, hilo unalobebea watu na mizigo huko Kharumwa. Ukawasha taa, mishale ya geji ikaruka yote kwa pamoja kama kuku walioona mwewe. Ukawasha hita, ikaruka zaidi. Kisha nikasikia sauti yako ikicheka: "Mzee Masele, naona mchawi ni hii hita. Kesho naikata, naitoa yote. Huku kwetu hita ya nini?"

Nimekupigia tangu asubuhi na simu yako haipatikani. Nimekuandikia ujumbe kwamba usikate, sijui kama umeuona. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda hadi barabarani nikarudi. Mke wangu ameniuliza kama tumbo linanisumbua. Basi nimeamua kuandika, na kwa kuwa nimeanza, nitaandika kwa ajili yako na kwa ajili ya kila kijana anayeinama chini ya dashibodi ya gari la mtu mwingine akiwa na koleo mkononi.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajifunza umeme wa magari kwenye gereji moja Shinyanga mjini, na nilipojiona nimeiva nikahamia Maganzo kujitegemea. Unaijua Maganzo. Barabara inapita katikati, na kila anayesimama pale anatafuta almasi au anamtafuta mwenye almasi. Mimi nilitafuta magari mabovu. Nilikuwa na kibanda cha bati, betri, koleo, na taa ya kupimia niliyojitengenezea kwa balbu ndogo na sindano ya kushonea magunia. Ikigusa waya yenye umeme inawaka, ikigusa isiyo na umeme haiwaki. Nilidhani hayo ndiyo yote ya kujua kuhusu waya.

Siku hiyo, ya kiangazi, yenye vumbi la kukaba koo, alikuja Baba Kabula.

Alikuwa mfugaji wa kijiji cha ndani, huko mbugani, mrefu na mkimya. Alikuwa ameuza karibu ng'ombe wake wote akanunua Landrova kuukuu, na watu walimcheka sana. Msukuma auze ng'ombe anunue chuma! Lakini alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa imekaa kiti cha mbele, mguu umefungwa bandeji. Mama Kabula alikuwa na kidonda cha ugonjwa wa sukari, na kila wiki ilimlazimu kufika Kolandoto hospitalini kisafishwe. Kutoka kwao hadi barabara kuu ni udongo mweusi mtupu. Kiangazi unapasuka nyufa, na mvua zikinyesha unang'ang'ania gurudumu kama gundi. Ni Landrova tu iliyopita. Siku nyingine za wiki aliikodisha kwa wachimbaji ili ijitafutie mafuta, lakini siku ya Kolandoto hakuna aliyeigusa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Mhola?"

"Mhola," nikaitikia kwa Kisukuma, yaani salama.

"Geji zinacheza," akasema. "Nikiwasha taa, zinapanda. Nikiwasha hita, zinapanda mpaka mwisho. Sijui tena injini imechemka au haijachemka."

Palikuwa na dalali mmoja wa almasi tuliyemwita Kipusa, aliyeshinda kibandani kwangu kwa sababu ya kivuli. Mtu huyo hakuweza kunyamaza.

"Hita!" akasema. "Mzee, na jua hili unawasha hita? Unaanika mihogo humo ndani, au unaatamia mayai?"

Tukacheka. Hata Mama Kabula alicheka, akajibu kutoka kwenye gari, "Njoo ukae wewe, Kipusa, tuone utatoa kifaranga gani."

Baba Kabula alitabasamu kidogo, kisha akanigeukia. "Nitengenezee geji, fundi. Hita usiiguse. Hita ile, unajua, ninapokuwa na mzigo..."

"Nimekuelewa, baba," nikamkatiza. "Mpeleke mama akanywe chai. Mkirudi nimemaliza."

Sikuwa nimemwelewa. Nilikuwa nimemkatiza kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshakwenda kwingine, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana kosa hili halikuwa la kutojua peke yake.

Wakati ule wanunuzi wa dhahabu wa upande wa Geita walikuwa wamegundua kwamba feni ya hita ya gari, ukiiunganisha na betri na kuielekeza kwenye makaa, inavuma kuliko mvukuto wa ngozi, wala mkono hauchoki. Kila mmoja aliitaka ya kuchomea dhahabu yake. Mnunuzi mmoja wa Kharumwa aliyeitwa Maganga alikuwa amepita kwangu siku chache kabla, akaniambia, "Fundi, ukipata feni nzima, usimpe mwingine." Sasa feni nzima ilikuwa imekuja yenyewe kibandani kwangu, ndani ya gari la mzee ambaye, kwa macho yangu, hakuwa na haja nayo. Nani anaota moto Shinyanga?

Nilijilaza chali chini ya dashibodi. Nikatafuta chanzo cha ile shida? Sikutafuta. Nilikata waya za hita, na zile geji zikatulia pale pale. Nilifurahi mno. Sikujiuliza kwa nini zimetulia. Leo naweza kukueleza bila kufungua macho: dashibodi yote, yaani geji, taa zake na hita, ilirudisha umeme kwenye bodi kupitia boliti moja, na boliti ile ilikuwa imeliwa na kutu. Hita ndiyo iliyovuta umeme mwingi kuliko vingine vyote. Umeme mwingi ukikosa njia ya kurudi, unatafuta njia kupitia geji, na mishale inaruka. Kuitoa hita kuliondoa makelele tu. Ugonjwa ulibaki ndani.

Tena nikaongeza wa kwangu. Geji zilipata umeme kutoka waya ile ile iliyolisha hita, kwa hiyo nilipoikata ilinibidi kuziunganisha upya. Nikazisokota ncha kwa vidole, nikazungushia tepu nyeusi, nikasukumia ndani. Sikulehemu. Chuma cha kulehemea kilikuwa pale kibandani, lakini kukipasha moto kulichukua muda, na nilitaka feni iwe imefichwa kabla hawajarudi kutoka kunywa chai.

Waliporudi nikamwonyesha geji zilizotulia. Akafurahi. Kisha akainama, akalitazama lile tundu lililobaki chini ya dashibodi.

"Feni iko wapi?"

"Mota yake ilikuwa imeungua, baba. Ndiyo iliyokuwa ikisumbua. Nimeitoa isije ikawachomea gari."

"Imeungua? Mbona asubuhi ilivuma vizuri?"

"Ndivyo zinavyokuwa kabla hazijafa."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Sawa," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Mwanangu, nimetukanwa na wateja, na mmoja aliwahi kunirushia spana. Hakuna lililonikaa kama maneno hayo, kwa sababu aliyasema kwa kuniamini.

Wiki kadhaa zikapita. Feni ilikwenda Kharumwa, Maganga akaridhika. Baba Kabula alipita na mkewe kwenda Kolandoto kama kawaida, akipiga honi akinipungia mkono. Barabara ya lami ni tambarare na mzigo ulikuwa mwepesi, injini haikulalamika. Nami nikapunga mkono, nikajiambia, unaona, hita haikuwa na kazi.

Kisha akakodiwa kupeleka pampu na wachimbaji Kharumwa.

Siku ya kurudi kwake nilikuwa mlangoni pa kibanda. Nilisikia kwanza watoto wakipiga kelele, halafu nikaona ng'ombe, jozi mbele ya jozi, wamefungwa nira, wanaivuta Landrova barabarani polepole. Baba Kabula alikuwa ndani ameshika usukani. Kijana wa watu aliyewachunga wale ng'ombe alikuwa anawaimbia. Kipusa akainuka kutoka kivulini, akapanua mdomo apate la kusema, akamwona mzee usoni, akaufunga.

Hawakupita. Waliiingiza uani kwangu, ng'ombe wakafunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akashuka, akauacha mlango wa dereva wazi. "Ingia. Kaa ninapokaa mimi."

Nikaingia.

"Washa swichi."

Nikawasha. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Mshale wa joto ukabaki umelala chini kabisa, kwenye alama ya baridi.

"Inasema nini?"

"Inasema injini ni ya baridi, baba."

"Ndivyo ilivyoniambia njia nzima. Wakati wa kurudi nilipanda na watu wanane na magunia, upepo unatusukuma kutoka nyuma, mshale umelala. Nikasema afadhali. Nikasikia harufu. Nikatazama, mshale umelala. Nikaamini mshale. Mpaka injini ikanoki."

Nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi. Sikuhitaji taa ya kupimia. Nilishika ule mviringo wa tepu, nikavuta kidogo tu, waya zikaachana vidoleni mwangu. Zilikuwa zimeachana zamani, ni tepu iliyokuwa imezishikilia. Nilipozigusanisha, mshale ukashtuka.

Mzee aliona.

"Sasa vuta swichi ya hita," akasema.

"Baba, hita..."

"Vuta."

Nikavuta.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, baba."

"Na mimi sikusikia kitu. Nilipoanza kusikia harufu niliivuta, nikaivuta tena, kwa mazoea. Aliyeniuzia gari hili ndiye aliyenifundisha. Gari likiwa na mzigo, likianza kuchemka, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho. Utatoka jasho wewe, lakini ule moto wote utakaokupiga miguuni ni moto uliotoka kwenye injini. Ni rejeta ya pili hiyo. Nilianza kukueleza siku ile."

"Ndiyo, baba."

"Ukaniambia umenielewa."

Nilitaka kushuka, nikashindwa, maana yeye alikuwa amesimama mlangoni. Akainamisha kichwa karibu na changu. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Wewe hukuisikia feni, ng'wanawane. Mimi nimeisikia. Nimeisikia Kharumwa, nje ya duka la Maganga, inapuliza makaa. Inalia vilevile, kama nyuki ndani ya mzinga. Nikasimama nikaisikiliza. Nikasema, hii haikuungua."

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Aliniita mwanawe wakati ule, si kabla. Ndiyo maana mimi neno mwanangu silitumii ovyo, hata kwako ambaye sikukuzaa.

Sikuwa na uongo mwingine. Nikamwambia yote. Akasikiliza, akarudisha ng'ombe kwenye nira, Landrova ikavutwa hadi kwao.

Kesho yake nilikwenda Kharumwa. Maganga akanicheka. "Fundi, umeniuzia mwenyewe, leo unalia?" Mwisho akakubali kunirudishia, nikamwachia betri yangu pamoja na kila kifaa alichokitamani. Nikaibeba feni mapajani ndani ya lori njia nzima, ikinuka makaa. Nilikwenda nayo mbugani, nikalala chini ya ile dashibodi tena, safari hii mzee ameketi kwenye gurudumu kando yangu. Nikaiona ile boliti yenye kutu. Nikaikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaipaka grisi, nikaikaza. Kazi yote ilikuwa ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Kile kikombe nilichowatuma wakanywe siku ile kingetosha.

Nikalehemu kila kiungo. Geji zikatulia, hita ikavuma. Lakini injini ilikuwa imekufa, na ng'ombe wa kuuza hawakuwapo tena.

Basi kila wiki nikawaona wakipita mbele ya kibanda. Baba Kabula akisukuma baiskeli, Mama Kabula amekaa nyuma, mguu umefungwa, mpaka wapate basi la kuwafikisha Kolandoto. Walinisalimia. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba, walinisalimia. Nilianza kujificha chini ya magari nikiiona baiskeli inakuja. Siku moja nikiwa nimelala chini ya lori nikasikia sauti ya Mama Kabula, "Fundi, miguu yako tunaiona." Hakukuwa na hasira ndani yake. Nikatoka, nikasukuma ile baiskeli mpaka kituoni, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiisukuma kila wiki.

Kisha mvua zikaja. Mbuga ikajaa, udongo mweusi ukafunga. Baiskeli haikupita, na wiki ile hawakuja. Wala iliyofuata. Nilijaribu kwenda kwa miguu nikakwama kwenye matope hadi magotini, nikarudi. Walipokuja, mvua zilipopumzika, walikuja na machela, na mguu haukuwa wa kusafishwa tena. Ulikatwa.

Nilimuuliza daktari. Nilisubiri mlangoni kwake nikamuuliza, kama wangekuja kila wiki, mguu ungepona? Alikuwa mtu mkweli. Alisema sukari ni sukari, labda ungekatwa tu. Labda.

Mwanangu, ningeambiwa ndiyo, ningejua ninachokilipia. Ningeambiwa hapana, ningepumzika. Hiyo labda nimeibeba mpaka nimezeeka, na jana ulipocheka kwenye ile video niliisikia ikiamka na kuanza kutembea humu ndani.

Injini nyingine tuliipata mwaka uliofuata, kutoka kwenye gari lililopinduka, na niliifunga pamoja na fundi mwenzangu. Safari ya kwanza Mama Kabula akakaa mbele, gongo lake katikati ya viti. Akaniambia, "Hebu iwashe niisikie." Nikavuta swichi. Feni ikalia kama nyuki, upepo wa moto ukatoka chini ukaipeperusha kanga yake, upande mmoja palikuwa na mguu, upande mwingine hapakuwa na kitu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Inalia vizuri," akasema. Basi.

Sasa nikuambie la kufanya, kwa sababu majuto yangu hayatakutengenezea gari.

Geji zote zikiruka kwa pamoja, usimshike anayepiga kelele kuliko wenzake. Geji haziwezi kuharibika zote kwa siku moja. Chukua waya nene, ncha moja iguse hasi ya betri, nyingine iguse chuma cha nyuma ya dashibodi, halafu washa taa na hita. Zikitulia, umepata jibu, njia ya kurudi ndiyo iliyoziba. Fuata waya nyeusi mpaka kwenye boliti, ikwangue. Kama bado zinacheza, nenda kwenye fyuzi, na ukikuta mtu ameviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, mlaani kidogo kisha itoe, uweke fyuzi yenye ukubwa wake. Kiungo ukikisokota, kilehemu. Ukishakilehemu, kivute kwa nguvu kama unamchukia aliyekifanya. Na geji ikikuambia injini ni ya baridi, weka mkono karibu na injini uone kama zinasema lugha moja.

Hayo ni ya waya. La pili ni la watu, nalo ni zito zaidi. Mwenye gari akikuambia hiki usikiguse, muulize kwa nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Hata kama Kipusa wako anacheka pembeni. Na ukikiona kitu ndani ya gari la mtu ukaanza kufikiria nani angekinunua, weka koleo chini, toka nje ukanawe uso. Jicho hilo likishaingia, hutaona tena gari, utaona kile kitu tu. Mimi nilikuwa na taa ya kupimia nzuri kuliko wote Maganzo, na sikuona boliti iliyokuwa mbele ya pua yangu.

Ukikosea, na utakosea, usisingizie mota. Sema siku ile ile. Mimi ningesema jioni ile, feni ingerudi kabla ya safari ya Kharumwa.

Simu yako bado haipatikani. Nimeshamwambia mke wangu anifungie nguo. Kesho asubuhi nipo kwenye basi ninakuja huko. Nikifika usihangaike kunitafutia kiti wala maji. Fungua mlango wa dereva, uvute swichi ya hita, nisikie.

Mungu akupe sikio la kusikiliza kabla ya mkono wa kukata. Mshale wako ukuambie kweli barabarani. Na kila utakayempakia, mwanangu, umfikishe, ashuke salama kwa miguu yake yote miwili.